Kalenda ya kuchana ya 2026 yenye "Leo ni siku ya…": tumeipima kwa ukurasa wa 5 Februari

Kalenda inayozungumziwa hapa ni ile ndogo, nene, ya kuning'iniza ukutani, yenye karatasi moja kwa kila siku. Huanza kuonekana kwenye steshenari za Kigoma Mjini na Mwanga mwaka ukikaribia kuisha. Ni robo ya A4, karatasi 365, gamba gumu nyuma, tundu moja la msumari na pini mbili juu zilizofichwa na utepe. Kila karatasi ina tarehe kubwa, siku ya juma na tarehe ya Hijria kwa herufi ndogo. Chini yake kuna mistari miwili inayofanya watu wainunue: "Leo ni siku ya…" na "Siku kama ya leo…". Hakuna jina la mchapaji popote.

Kwa tarehe tupu, ni kazi safi. Siku za juma ziko sawa mwaka mzima, na sikukuu za kitaifa zimewekwa panapostahili. Tatizo liko kwenye hiyo mistari miwili. Kalenda inakupa siku bila kukuambia ni siku ya nani, na katika mambo yote iliyoyakumbuka, Kigoma imeisahau. Inunue, lakini uwe na kalamu karibu.

Ukurasa wa 5 Februari unaonyesha uzuri na upungufu wake kwa pamoja. Umeandika kwamba leo ni siku ya watabiri wa hali ya hewa, leo pia ni Siku ya Nutella Duniani, na siku kama ya leo mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Pembeni pana mchoro wa nyumba iliyofunikwa na theluji. Mchoro huo unakuambia orodha ilikotoka, maana Februari ya Kigoma ni mvua, matope na ziwa lenye mawimbi.

Tuanze na watabiri. Siku hiyo ipo kweli, lakini ni ya Marekani. Imewekwa kwenye tarehe ya kuzaliwa ya John Jeffries, daktari wa Boston aliyezaliwa 1745, aliyeanza kuandika kumbukumbu za hali ya hewa kila siku mwaka 1774. Ndiye pia aliyevuka mlango bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa puto pamoja na Mfaransa Blanchard, 7 Januari 1785. Ni mtu wa kukumbukwa. Ila mwalimu wa jiografia wa Ujiji akiufuata ukurasa huu na kuwaandalia wanafunzi ziara ya kituo cha hali ya hewa 5 Februari, atafika huko na hakuna anayemsubiri. Siku ya Hali ya Hewa Duniani ni 23 Machi, siku ambayo mkataba wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulianza kutumika mwaka 1950. Kalenda inayo na hiyo 23 Machi. Inazionyesha zote mbili kwa herufi zilezile na uzito uleule, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Siku ya Nutella ilianzishwa mwaka 2007 na mwandishi wa blogu Mmarekani aliyekuwa akiishi Italia, na mwaka 2015 ikakabidhiwa kampuni yenyewe ya Ferrero. Neno "Duniani" kwenye jina lake halina serikali wala mkutano wowote nyuma yake. Si dhambi watu kuwa na siku ya chokoleti ya kupaka mkate. Kosa ni kuiweka juu ya Azimio la Arusha bila alama yoyote ya kutenganisha.

Mstari wa Azimio umeandikwa vizuri, na mchapaji anastahili sifa kwa neno "lilitangazwa". Kalenda nyingi huandika kwamba Azimio lilipitishwa 5 Februari. Lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967. 5 Februari ndipo lilipotangazwa, na kesho yake benki zikataifishwa. Kilichoachwa ni kwamba TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM tarehe hiyohiyo miaka kumi baadaye, 5 Februari 1977. Hizo ni kumbukizi mbili zinazokwenda pamoja, na nafasi ya kuziandika zote ipo.

Upungufu mkubwa wa ukurasa huo ni Liemba. Meli hiyo iliundwa na Wajerumani kule Papenburg, kwenye karakana ya Meyer, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni ya reli ya kati na kuletwa Kigoma kuunganishwa upya. Iliteremshwa majini hapahapa Kigoma tarehe 5 Februari 1915, ikiitwa Graf von Goetzen, kwa jina la aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani walipoikimbia Kigoma waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi kwa makusudi ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kalenda inayouzwa hatua chache kutoka bandari hiyo, ikataja chokoleti ya Italia na isitaje Liemba, imeshindwa kuwatumikia wanunuzi wake.

Isieleweke kwamba kila siku yenye jina la ajabu ni ya kupuuzwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na kalenda isiyotofautisha inawasaidia kukosea. Siku ya Choo Duniani, 19 Novemba, huchekesha watu, lakini imepitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2013, na halmashauri au shule inaweza kuijengea shughuli nzima ya usafi bila wasiwasi. Vivyo hivyo 10 Februari, Siku ya Mazao ya Jamii ya Kunde. Ukiisoma tu ukutani unaweza kudhani ni tangazo la muuza maharage, kumbe ni azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2018, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza 2019. Kwa mkoa ambao Kasulu na Kibondo wanalima maharage ya kulisha miji mingine, huo ni ukurasa wa kuwekea alama nyekundu. Kwa upande wa pili, siku ya kukumbatiana ya 21 Januari na siku ya bisi ya 19 Januari ni desturi za Marekani ambazo hazina chombo cha kimataifa nyuma yake. Uzisome, uzifurahie, usizipangie bajeti.

Dawa ni rahisi, na mchapaji anaweza kuifanya toleo lijalo bila kuongeza hata karatasi moja: herufi ndogo pembeni ya kila siku. K kwa sikukuu iliyowekwa kisheria hapa nchini, M kwa siku ya Umoja wa Mataifa au UNESCO, D kwa siku ya dini, N kwa siku ya nchi fulani, B kwa siku iliyobuniwa na biashara au mtu binafsi. Kwa sasa mnunuzi aifanye mwenyewe kwa kalamu. Kurasa za Januari na Februari ndizo za kuanza nazo, kwa sababu orodha za wenzetu wa kaskazini hujaa siku za kuchangamsha watu wakati wa baridi yao.

Ukurasa wa 2 Februari ni mfano mwingine wa utajiri uliosongamana. Marekani hiyo ni siku ya kumtazama yule mnyama mchimba mashimo wa Punxsutawney, Pennsylvania; desturi hiyo inahesabiwa tangu 1887. Akikiona kivuli chake, inasemwa baridi itaendelea wiki sita zaidi. Imani hiyo ilipelekwa huko na wahamiaji wa Kijerumani, nayo imetokana na sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya arobaini ya Krismasi, ambayo waumini Wakatoliki wa Kigoma wanaijua vizuri kwa kubarikiwa mishumaa. Kalenda imeweka mnyama na mishumaa kwenye karatasi moja bila kuonyesha kwamba vina asili moja. Ni hasara, maana mstari mmoja tu ungetosha. Halafu 2 Februari ni Siku ya Ardhioevu Duniani, kwa kumbukumbu ya mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya mkataba huo ni Malagarasi-Muyovozi, mwaka 2000, eneo linalogusa Kigoma na Tabora. Liandike hapo kwa mkono.

Na 13 Februari, inayotajwa kama Siku ya Redio Duniani (sahihi, ni ya UNESCO, na tarehe imechukuliwa kutoka kuanzishwa kwa Redio ya Umoja wa Mataifa 1946), ndiyo siku ambayo Burton na Speke waliliona Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Bila shaka wavuvi na wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wameliona vizazi vingi kabla yao, kwa hiyo ukiiandika, andika "wasafiri wa Ulaya walifika", usiandike "liligunduliwa".

Zipo nyingine ambazo mkazi wa hapa hafai kuzikosa. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, na kwa sababu hiyo 14 Julai sasa ni Siku ya Sokwe Duniani. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo alimwona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa. Alifariki 1 Oktoba 2025, na kalenda iliyochapwa kabla ya hapo haiwezi kuwa nayo. Kwa wasomaji wa Tabora: 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini kwenu, na 2 Desemba 1884 alifariki Mtemi Mirambo. Kurasa zote hizo mbili zina siku za vyakula vya Marekani tu.

Tarehe moja inahitaji uangalifu. Ukurasa wa 10 Novemba unasema Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871. Ndiyo tarehe iliyoandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu pale Ujiji, na ndiyo inayofundishwa. Lakini shajara ya Livingstone inauweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba, kwa sababu hesabu za siku za wasafiri hao wawili hazikukubaliana baada ya miezi ya homa na njia ndefu. Acha 10 Novemba kama siku ya kuadhimisha. Tia neno "kwa hesabu ya Stanley" mbele yake, na mgeni akiuliza utakuwa na jibu.

Sasa kuhusu kuikagua dukani kabla hujatoa hela, kwa sababu kaunta moja huwa na matoleo zaidi ya moja yanayofanana gamba. Fungua kwanza 1 Januari na 5 Februari. Kati yake kuna siku 35 kamili, yaani wiki tano, hivyo kwa mwaka wowote ule lazima ziangukie siku moja ya juma; mwaka 2026 zote ni Alhamisi. Kisha fungua 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Desemba. Tarehe hizo tano nazo huwa siku moja ya juma kila mwaka, na kwa 2026 ni Jumamosi. Moja ikienda kombo, ujue kuna karatasi imerukwa au imechapwa mara mbili, na kosa hilo litakusumbua hadi Desemba. Hata Pasaka ina kipimo chake: 2026 inafuata mpangilio wa 2015, siku kwa siku, na Pasaka ya miaka yote miwili ni 5 Aprili. Anayehifadhi kalenda ya zamani ya 2015 anaweza kuilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Idi na Maulidi ndizo zitakazotofautiana.

Kosa la pili la kuchungulia linatokana na orodha za Marekani, ambako mwezi huandikwa kabla ya siku. Kwao 2/5 ni 5 Februari. Aliyezinakili kwa haraka huisoma 2 Mei. Kosa hili huzipata siku za 1 hadi 12 za mwezi peke yake, maana hakuna mwezi wa 13. Usijaribu kulikamata kwa Saba Saba au Nane Nane, kwa sababu 7/7 na 8/8 husomeka vilevile pande zote mbili. Tumia Uhuru, 9 Desemba, uangalie kama haijatokea 12 Septemba. Tumia Karume, 7 Aprili, uangalie kama haijahamia 4 Julai. Toleo tulilolipima limepita kwa sikukuu za kitaifa, lakini siku ya Nutella imejirudia 2 Mei, ambayo kwa haki ni Siku ya Jodari Duniani ya Umoja wa Mataifa. Hapo mchapaji alinakili bila kuhakiki.

Siku zinazohama nazo ni mtego. Siku ya Mama inayoadhimishwa na wengi ni Jumapili ya pili ya Mei, kwa 2026 ni tarehe 10. Ile ya Uingereza ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, tarehe 15 Machi. Kalenda imeziweka zote bila maelezo. Kwa Idi, imechapa tarehe moja kwa uhakika mkubwa, Idi el-Fitri 20 Machi. Ingeandika "au kesho yake, kwa kuandama kwa mwezi", kama kalenda za misikiti zinavyofanya. Anayepanga safari ya Kasulu au tiketi ya treni asifunge tarehe kwa karatasi hii.

Karatasi yenyewe ni nyepesi. Kalamu ya wino mzito hupenya hadi siku ya pili, kwa hiyo tumia kalamu ya kawaida ya bei ndogo. Rangi nyekundu ya sikukuu hufifia ukiiweka mahali jua la jioni linapopiga. Pini mbili hushika kutu kwenye unyevu wa masika, na kutu hiyo hula karatasi za juu hadi zinajiachia zenyewe kabla ya siku yake. Kata kipande cha plasta ya uwazi, ufunike pini mbele na nyuma. Tundu la msumari ni moja tu kwenye gamba lililobeba karatasi 365, na huchanika mapema. Libandike plasta pande zote mbili kabla ya kuning'iniza. Ukichana, bana utepe kwa kidole gumba cha mkono mmoja na uvute karatasi kwa pembeni, ukianzia kona. Ukivuta moja kwa moja kwenda chini utaondoka na siku tatu.

Programu za simu za aina hii hazikupi shida ya kutu, lakini zina yake. Nyingi hufuata saa za Marekani. Wakati wa baridi yao New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo programu inayobadilisha siku usiku wa manane wa huko itakuonyesha ya jana hadi saa mbili asubuhi. Kama unasoma tangazo la "leo ni siku ya" kwenye paredi ya shule ya saa moja na nusu, utatangaza ya jana.

Kwa shule, ofisi au redio ya jamii inayotaka kalenda yenye Liemba, Mirambo na Gombe ndani yake, kuichapisha wenyewe kwenye steshenari yenye mashine ya kukata karatasi kunawezekana, na ndiko tunakopendekeza kwa anayehitaji nakala tano au zaidi. Karatasi nne za siku hutoka kwenye A4 moja, kwa hiyo kalenda moja inataka A4 92, na rimu ya 500 inatoa kalenda tano na kubakiza 40 za majaribio. Usipange siku nne mfululizo kwenye A4 moja, maana ukishakata utakaa siku nzima unazipanga kwa mkono. Ipange hivi: A4 ya kwanza ibebe siku ya 1, ya 93, ya 185 na ya 277, yaani 1 Januari, 3 Aprili, 4 Julai na 4 Oktoba, A4 ya pili ibebe zinazofuata, na kuendelea. Ukikata rundo zima mara mbili unapata vifurushi vinne vilivyokwisha kujipanga, unaviweka kimoja juu ya kingine. Kuhakiki kabla ya kuchapa, tazama A4 ya 36: lazima iwe na 5 Februari, 8 Mei, 8 Agosti na 8 Novemba. Zikiwa nyingine, kuna siku imerukwa au imezidi kwenye jedwali lako, na mara nyingi ni kwa sababu hukuifuta 29 Februari ya kalenda ya 2024 uliyonakilia.

Omba gamba la nyuma la kadi nene, matundu mawili badala ya moja, na mbano wa gundi badala ya pini. Mwishoni zinabaki karatasi tatu zisizo na siku, ya 366 hadi ya 368. Moja iwe ya jalada, ya pili iwe na maana za herufi K, M, D, N na B, na ya tatu iache tupu kwa tarehe za Idi na Maulidi, zijazwe mwezi ukishatangazwa.